Tupa za motere zinakatikia ndani ya mzizi wa mbele wa molari ya chini: kosa liko wapi?

Ibanda_Meno (Bukavu)

Jambo wakubwa. Swali linahusu molari ya kwanza ya chini, mzizi wa mbele, ule wenye mifereji miwili. Kwenye meno ya mbele na premolari, tupa za nikeli-titani (limu za motere, vyuma vyembamba vya kupanua mfereji wa mzizi) zinashuka bila taabu. Kwenye mzizi huu zinagoma mm 3 kabla ya mwisho, na ukilazimisha kidogo tu, ncha inabaki ndani. Mara nyingine tupa inafika vizuri lakini guta-perka (kijiti laini cha kujazia mfereji) ya kipimo hichohicho haishuki.

Utaratibu ni huu: anestezi, dige (mpira wa kulitenga jino), kufungua chumba cha pulpa (nyama ya ndani ya jino), K10 (tupa ya mkono, ncha mm 0.10) mpaka mwisho, urefu kwa kipima apeksi (mashine inayoonyesha ncha ya mzizi) pamoja na radio (picha ya eksirei) moja, K15 mpaka mwisho, halafu moja kwa moja 25/06 (ncha mm 0.25, inanenepa mm 0.06 kila milimita) kwenye motere ya batri, mizunguko 300 kwa dakika, toki (nguvu ya kusokota) 2 N·cm. Javeli (maji ya klorini ya kuoshea mfereji) ya 2.5%, ml 2 baada ya kila tupa. Tupa moja inatumika kwa wagonjwa wanne au watano, inachemshwa kwenye sterilizeta ya presha juu ya gazi.

Je, kosa ni la motere, la mkono, ama tupa zimechoka? Na javeli ya kununua dukani inafaa, ama ni lazima ile ya dawa? Aksanti.

---

Himbi_Endo (Goma)

Dokta, motere yako haina kosa kubwa. Kosa liko kati ya K15 na 25/06. Hapo umeruka mto.

Piga hesabu kidogo. K15 ina mm 0.15 kwenye ncha na inanenepa mm 0.02 kila milimita, kwa hiyo ukipanda mm 10 juu ya ncha ina unene wa mm 0.35. Tupa ya 25/06 ina mm 0.25 kwenye ncha, na mahali palepale pa mm 10 inafika mm 0.85. Yaani baada ya K15 unaiambia tupa moja ipanue nusu milimita katikati ya mfereji, na wakati huohuo ipanue chini, kwenye kona. Inagusa ukuta tangu juu mpaka chini, kama kizibo kinachoingia kwenye shingo ya chupa. Ikishikwa hivyo, motere inaendelea kuzungusha shina huku sehemu iliyoshikwa imesimama. Chuma kinasokotwa, kinakatika. Na mara nyingi kinachoikwamisha kwanza ni sehemu yake ya juu, si ncha. Daktari anahisi ncha haishuki, anasukuma, na kusukuma ndiko kunakoongeza mshiko.

Kabla ya lolote lingine, chukua kipande kilichobaki mkononi, kiweke chini ya lupu. Kama meno yake ya kusokotwa yamefunguka ama yamebanana karibu na pale ilipokatika, imekufa kwa kusokotwa: ilishikwa ukutani. Kama imekatika safi, meno yako sawasawa, hakuna dalili, imekufa kwa uchovu wa kupindishwa kwenye kona. Hizi ni ajali mbili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Wengi hapa wanatupa kipande bila kukiangalia, wanabadilisha aina ya tupa, na kosa linabaki palepale.

Sasa utaratibu wenyewe wa mzizi huo.

Anza juu. Mifereji ya mbele ya molari ya chini inatoka chini ya ukingo wa dentini ulioinama juu ya mlango wake. Ukingo huo unailazimisha tupa kupinda mara ya kwanza mlangoni, kisha mara ya pili kwenye kona ya chini. Kipimo ni rahisi: weka K10 ndani ya mfereji, uiachie. Kama mshikio wake umelala kuelekea nyuma ya mdomo, ukingo bado upo. Uondoe kwa tupa fupi ya mlangoni (mm 17 ama 19), ukiingia mm 3 mpaka 5 tu chini ya mlango, na ukikwangua wakati wa kutoka, kuelekea upande wa mbele wa jino. Usikwangue kuelekea nyuma, kwenye panda ya mizizi. Ukuta wa upande huo mara nyingi una kama mm 1, wakati mwingine chini ya hapo, na ukitoboka jino limekwisha. Ukimaliza, rudisha K10: mshikio unasimama wima. Hapo ndipo kazi ya chini inaanza, si kabla.

Kisha njia. K10 uliyoipinda mm 2 za mwisho, unaisokota robo ya duara kulia na kushoto kama mtu anayejaza saa ya zamani, bila kusukuma. Ikigoma, K8, ama K6. Urefu: shuka mpaka kipima apeksi kionyeshe 0.0, soma, toa mm 0.5. Ni vema kuupima tena baada ya kupanua juu, kwa sababu mfereji uliopinda ukinyooshwa kidogo unafupika. Ule urefu wa mwanzo unaweza kukupeleka nje ya mzizi.

K10 kufika mwisho haitoshi. Ikiwa imefika, ivute mm 1 juu, uisukume kwa kidole kimoja mpaka chini. Kisha mm 2. Kisha mm 3 ama 4. Inapokwenda na kurudi umbali huo wote bila kukwaruza, njia ipo. Fanya vilevile na K15. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inakula dakika kumi kwenye mfereji mmoja na mgonjwa mwingine anangoja kwenye benchi nje. Lakini tupa ya motere haitafuti njia, inafuata njia iliyopo. Pasipo njia, ncha yake inachimba ngazi ukutani, na hata K10 baadaye haitapita.

Baada ya hapo panda polepole: 15/04, 20/04, 25/04. Kwenye mzizi uliopinda sana ishia hapo. 25/06 iweke kwa mfereji ulionyooka, mfano ule wa nyuma. Kila tupa inaingia ikizunguka na inatoka ikizunguka. Usiiwashe ikiwa ndani. Dondoa mara tatu ama nne, mwendo wa mm 1 mpaka 2, toka, safisha kwenye sponji yenye spiriti, na angalia unga wa dentini umeshika wapi. Unga ukiwa katikati ya tupa, inafanya kazi inapotakiwa. Ukiwa umejaa kwenye mm 2 ama 3 za ncha tu, simama, ncha inashikwa: rudi kwa K10, mwaga javeli, ndipo urudie.

Na usikae chini. Kwa mizunguko 300, tupa inazunguka mara 5 kila sekunde, na kila mzunguko ndani ya kona unavuta upande mmoja wa chuma na kubana mwingine. Ukifika urefu, sekunde moja, toka.

---

Ibanda_Meno (Bukavu)

Aksanti sana mkubwa. Kipande kilichopo mkononi kimefunguka meno mm 2 hivi juu ya mkato, kwa hiyo ni kusokotwa. Na ile hali ya tupa kufika lakini guta-perka haishuki?

---

Himbi_Endo (Goma)

Mara nyingi ni mifereji miwili inayokutana. Upande wa shavu na upande wa ulimi inaanza mbalimbali, kisha inaungana kabla ya mwisho. Radio haikuonyeshi, kwa sababu inapigwa kutoka upande wa shavu na kona hiyo iko kwenye mwelekeo uleule wa mionzi. Unaona mstari mmoja umenyooka, kumbe mfereji umejipinda kuja kwako. Sogeza tyubu digrii 20 hivi kuelekea mbele ama nyuma, upige tena.

Namna ya kujua bila radio: maliza mfereji mmoja mpaka urefu wote (kwa kawaida ule wa ulimi, ndio ulionyooka zaidi). Weka guta-perka yake mpaka chini. Halafu teremsha K10 kwenye mfereji wa shavu, polepole, mpaka iguse kitu. Toa guta-perka, iangalie kwenye mwanga: kama ina alama ya kukwaruzwa, tuseme mm 4 juu ya ncha, mifereji inaungana hapo. Basi mfereji wa shavu utengeneze mpaka kwenye makutano tu, urefu ule mwingine ukitoa mm 4. Ukiilazimisha tupa ya motere ipite makutano, unaipindisha kwenye kona kali kabisa ya jino lote, na guta-perka mbili haziwezi kukaa kwenye tundu moja hata ufanye nini.

---

MamaDokta_Kamalondo (Lubumbashi)

Nakubaliana na Dokta wa Himbi kwa yote isipokuwa jambo moja: amezungumza chuma sana, maji kidogo. Vipimo vya meno vilivyofanywa kwa skana za mikro-CT (zinazoona vitu vidogo sana) vilionyesha kwamba asilimia 35 ya ukuta wa mfereji, ama zaidi, haiguswi na tupa yoyote. Tupa ni ya mviringo, mfereji si wa mviringo. Basi sababu ya kupanua ni kuyapa maji nafasi ya kushuka. Wadudu na mabaki ya pulpa yanaondolewa na javeli, si na chuma.

Kuhusu javeli ya dukani, soma kibandiko. Kwa mtindo wa Kifaransa nguvu yake inaandikwa kwa digrii za klorometri. 9° ni kama 2.6% ya klorini, 12° ni kama 3.6%. Zote mbili zinafaa. Ile ya mkolezo wa 36° ni kama 9.6%, hiyo usiiweke mdomoni kamwe bila kuizimua: sehemu 1 ya javeli kwa sehemu 3 za maji safi yaliyochujwa, unashuka kwenye 2.4% hivi. Isiwe na marashi, isiwe na sabuni, isiwe na rangi. Na angalia tarehe. Javeli iliyokaa juani sokoni kwenye chupa nyeupe miezi kadhaa imekwisha nguvu hata kama kibandiko kinasema 12°. Inunue kwa chupa ndogo, ihifadhi gizani, pabaridi. Javeli ya zamani haiyeyushi nyama: kata kipande kidogo cha nyama mbichi, ukubwa wa punje ya mchele, utie ndani. Kama baada ya dakika 20 hakijaanza kupungua wala kutoa povu, mwaga.

Sindano iwe nambari 30, yenye tundu la pembeni na ncha iliyozibwa. Weka alama ya mpira mm 2 ama 3 kabla ya urefu. Sindano isibanwe na ukuta: iingize, ikigoma irudishe nyuma kidogo, ndipo umwage. Sukuma kwa kidole cha shahada, si kwa dole gumba, maana gumba lina nguvu nyingi na halihisi. Ukiisogeza juu na chini wakati unamwaga, haitabanwa.

ml 2 baada ya kila tupa ni kidogo mno kwa molari. Baada ya tupa ya mwisho tia javeli mpya, chukua guta-perka ya kipimo hicho, ipandishe na kuishusha mm 2 ama 3 ndani ya mfereji, kama mara 100 kwa dakika moja. Utaona maji yanatoka na wingu jeupe ambalo sindano peke yake haikulitoa. Kisha EDTA 17% dakika 1 kuondoa utando wa unga ukutani, kisha javeli tena. Usizichanganye ndani ya kikombe kimoja: EDTA inaimaliza klorini. Na javeli ikikutana na klorheksidini (dawa nyingine ya kuua wadudu) inatoa tope la kahawia linaloziba mirija ya dentini na kulipaka jino rangi. Ukitaka kutumia zote mbili, osha kwa maji ya chumvi katikati, ukaushe.

Javeli ikipita nje ya mzizi mgonjwa anashtuka kwa maumivu makali ghafla licha ya anestezi, damu inajaa mferejini, shavu linavimba machoni pako. Simama papo hapo. Osha kwa maji ya chumvi kwa wingi, acha damu itoke, barafu juu ya shavu siku ya kwanza, halafu vitambaa vya uvuguvugu kuanzia kesho yake, dawa ya maumivu, na mwambie ukweli mgonjwa kwamba uvimbe na weusi vitachukua siku kadhaa. Uvimbe ukienda shingoni ama kwenye jicho, hospitali siku hiyohiyo.

---

Fundi_Nguba (Bukavu)

Natengeneza mashine za kabine za meno, naongeza upande wa motere na sterilizeta tu.

Motere ya batri yenye toki inayowekwa na inayorudi nyuma yenyewe ni sahihi. Kwa wanaotumia mikromotere ya kawaida ya kiti: ile inafika mizunguko 40,000 kwa dakika. Ukifunga kichwa cha 1:1, tupa itakatika kabla hujasema neno. Lazima kichwa cha kupunguza, mfano 16:1, na mikromotere yenyewe iteremshwe mpaka 5,000 hivi ndipo ncha ipate kama 310. Lakini hata hivyo haina kipimo cha toki, haijui kusimama. Afadhali tupa za mkono kuliko hiyo.

Toki nayo isomwe kwenye karatasi ya tupa yenyewe, maana si nambari moja kwa zote. Tupa nyembamba inavumilia kidogo, nene inavumilia zaidi kwenye kusokotwa lakini inachoka haraka zaidi kwenye kona. Ukitia mafuta kichwa cha motere, kiache kizunguke bila tupa juu ya kitambaa, kisha bonyeza kitufe cha kalibrasio kama mashine yako inacho. Kichwa kizito kwa uchafu kinaila toki: motere inadhani tupa imekwama, inarudi nyuma ovyo, na daktari anapandisha toki ili isimsumbue. Hapo ndipo hatari. Na batri: ikishuka chini ya robo, ichaji kabla ya kuanza molari, usingoje umeme ukatike katikati.

Sterilizeta ya presha juu ya gazi. Hapa tuko kama m 1,500 juu ya bahari (ziwa lenyewe liko kama 1,460). Maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kuchemsha tu kwenye sufuria si sterilizasio mahali popote, na huku kwetu hata maji yenyewe hayana moto kamili. Kwa sterilizeta ya presha, geji inapima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya nje huku ni nyepesi. Vitabu vinasema psi 15 kwa nyuzi 121, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Bukavu na Goma ongeza psi 2.5, ufike karibu 17.5, ndipo ndani iwe 121 kweli. Kwanza hakikisha mashine imeandikwa kwamba inavumilia presha hiyo, na valvu ya usalama inafanya kazi. Toa hewa yote kabla ya kufunga valvu, na hesabu dakika baada ya presha kufika, si tangu kuwasha moto. Zile otoklavi za umeme zenye kipima joto ndani zinafuata joto lenyewe, hazina shida ya mwinuko.

Na jambo moja la usafi. Msiache tupa zilale kwenye javeli usiku kucha ili “zife wadudu”. Javeli inakula chuma, inaacha vishimo vidogo, na ufa unaanzia kwenye kishimo. Brashi na sabuni mara tu baada ya kazi, unga ukiwa bado mbichi, suuza, kausha, pakiti.

---

Katindo_Dent (Goma)

Ndugu wa Ibanda, wagonjwa watano kwa tupa moja ni nyingi. Watengenezaji wengi wanaandika matumizi ya mara moja. Tunajua hali ya huku: kifurushi kinavuka mpaka, kinachelewa, kina bei. Basi kama mtu analazimika kurudia, asihesabu wagonjwa, ahesabu mifereji. Incisivu ya juu ni mfereji mmoja ulionyooka. Molari ya juu yenye mifereji minne iliyopinda ni kazi nyingine kabisa, na tupa iliyomaliza molari kama hiyo iende kwenye boksi la vyenye ncha siku hiyohiyo. Sterilizasio haiondoi uchovu. Tupa iliyotoka kwenye otoklavi ni safi, si mpya.

Tupa za siku hizi zilizopikwa kwa joto, zile laini zinazobaki zimepinda ukizipinda, zina alama nzuri: zikipita kwenye otoklavi zinanyooka zenyewe. Ile isiyonyooka, chuma chake kimeshaharibika. Itupwe.

Kwa hoja yenyewe, nadhani mngeepuka mengi kwa kutumia tupa moja ya kwenda-na-kurudi. Mfano Reciproc: inazunguka digrii 150 upande wa kukata, inarudi 30, inaachia kabla haijasokotwa mpaka kukatika. Kwa mizizi ya namna hii inaokoa muda na tupa.

---

Himbi_Endo (Goma)

Nakubali kwa upande wa uchovu, inavumilia kona kuliko mzunguko wa moja kwa moja. Ila isichukuliwe kama ruhusa ya kuruka K10. R25 yake ni 25/08 kwenye mm za mwisho, nene kuliko ile 25/06 inayomsumbua. Dondoa tatu, mwendo usiozidi mm 3, toka, safisha, javeli, K10 mpaka chini, rudia. Anayeisukuma mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja anapakia unga wote mbele ya ncha: nusu inaziba mfereji, nusu inatoka nje ya mzizi, na mgonjwa halali usiku.

Halafu hatari ambayo haisemwi vya kutosha: tupa hizo zinakata zikienda kushoto. Ukizifunga kwenye motere iliyowekwa kwa mzunguko wa kawaida wa kulia, hazikati kitu, zinasugua tu. Na ukifunga tupa ya kawaida kwenye programu ya kwenda-na-kurudi, sehemu kubwa ya mwendo inakwenda kinyume na makali yake. Kabla ya kuingiza, soma skrini. Kila mara, hata kama ni wewe uliyetumia motere mwisho.

---

Ibanda_Meno (Bukavu)

Aksanti Mama Dokta, aksanti Fundi, aksanti wote. Yamebaki mawili. Kipande kilichobaki kwenye mm 3 za mwisho kifanyiwe nini? Na nikiishia 25/04, nitajuaje kwamba inatosha?

---

MamaDokta_Kamalondo (Lubumbashi)

Kipande kwanza. Piga radio ujue kiko kabla ya kona, ndani ya kona, ama baada yake. Jaribu kupita pembeni: K8 ama K10 mpya, ipinde mm 1 hadi 2 ya ncha kwa kona kali, itafute nafasi kati ya kipande na ukuta, kwa sababu mfereji mara nyingi ni bapa na kipande ni duara. Ikipita, endelea kwa mkono tu, usirudishe motere juu ya kipande. Isipopita baada ya jaribio la utulivu, na kipande kiko baada ya kona, usichimbe kwa ultrasoni. Utakula dentini ya thamani kuliko kipande chenyewe, na panda ya mizizi iko karibu. Osha vizuri, jaza mpaka kwenye kipande, funga jino sawasawa juu.

Matokeo yanategemea zaidi hali ya jino kabla ya ajali. Kama pulpa ilikuwa hai na mfereji ulishasafishwa kabla ya kukatika, hali ni nzuri. Kama kulikuwa na kidonda kwenye apeksi na tupa ilikatika mapema, hapo panahitaji macho: radio baada ya miezi 6, mwaka 1, na kuendelea kama kivuli hakijapungua. Kwa vyovyote mgonjwa aambiwe siku hiyohiyo, kwa lugha anayoielewa, na iandikwe kwenye fishi yake: mfereji gani, tupa gani, mm ngapi. Atakayelifungua jino hilo miaka mitano baadaye atakushukuru.

---

Himbi_Endo (Goma)

La pili. Baada ya 25/04, chukua tupa ya mkono ya nambari 25 yenye konisite (kiasi inachonenepa kila milimita) ya kawaida ya 02, ya nikeli-titani ukiwa nayo, iteremshe mpaka urefu bila kuizungusha. Igonge kidogo kichwani kwa kidole. Ikisimama hapo na haizidi, mwisho wa mfereji ni 25, umemaliza. Ikipita chini ya urefu, mwisho ni mpana kuliko ulivyodhani: jaribu 30, na ikisimama hapo, tengeneza 30/04.

Halafu guta-perka ya kipimo hicho, yenye konisite hiyohiyo ya 04, mfereji ukiwa na maji ya javeli ndani. Ifike urefu kamili, na ukiivuta isikie mshiko kidogo, kama inakataa kutoka. Ikifika mm 1 fupi, usiikate wala usiisukume: kuna unga chini. K10, javeli, ile guta-perka ya kupandisha na kushusha aliyoisema Mama Dokta, kisha jaribu tena. Ikifika urefu wote bila mshiko wowote, kata mm 0.5 ya ncha kwa wembe mpya, jaribu tena, kisha piga radio ikiwa ndani kabla ya kuchanganya simenti.